Aliwahi Kuwa Mwalimu

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana, siku ya mahafali ya kidato cha nne shuleni kwetu, mimi ndiye niliyesoma wasifu wa mgeni rasmi. Mkuu wa shule aliniita ofisini asubuhi, akanikabidhi karatasi mbili na nusu zilizochapwa, akaniambia, "Wewe una sauti, mwalimu, na Kiswahili chako kimenyooka. Usituangushe." Sikuwaangusha. Nilizisoma kwa madoido, nikapandisha pa kupandisha na kushusha pa kushusha, mpaka kina mama waliokaa nyuma ya turubai wakapiga vigelegele.

Karatasi mbili na nusu, bwana! Kozi ya uongozi ya wiki moja ilipewa aya nzima. Ziara ya mafunzo nje ya nchi, siku kumi, ilipewa aya na nusu. Ujumbe wa kamati hii, uenyekiti wa bodi ile, ulezi wa timu ya mpira, vyote vilikuwamo. Na kule juu, chini ya tarehe ya kuzaliwa, palikuwa na mstari mmoja: "2007–2010: Mwalimu wa shule ya sekondari." Basi. Nami nikausoma hivi: "Mheshimiwa mgeni rasmi... aliwahi... kuwa... mwalimu!" Loh, makofi yake! Na waliopiga kwa nguvu kuliko wote ni walimu wenzangu. Yule wa Jiografia alisimama kabisa.

Usiku, nimelala chali natazama mabati, ndipo swali likaja kunisumbua. Tulikuwa tunashangilia nini hasa? Kwamba alifundisha, au kwamba aliacha?

Tusidanganyane, mgeni wetu ni mmoja tu katika msururu mrefu. Hebu tuwahesabu. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere, akafundisha St. Mary's ya Tabora katika miaka ya 1940, akaenda Edinburgh, akarudi na M.A. yake mwaka 1952 na kuingia darasani tena, safari hii St. Francis ya Pugu. Ali Hassan Mwinyi alifundisha Mangapwani kule Unguja, akawa mwalimu mkuu, kisha mkuu wa chuo cha ualimu, kisha katibu mkuu wa wizara ya elimu ya Zanzibar, zamani sana kabla hatujamwita Mzee Ruksa. Ng'ambo ya mpaka, Daniel arap Moi alikuwa mwalimu mkuu huko kwao Baringo kabla hajaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955. John Magufuli alifundisha kemia na hisabati sekondari ya Sengerema mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na Kassim Majaliwa, aliyekuwa waziri mkuu wetu kuanzia 2015 hadi 2025, alianzia ubaoni, akapitia chama cha walimu na ukuu wa wilaya, ndipo akafika bungeni. Mtu akitaka kujua njia ya mkato ya kwenda Ikulu, aulize ofisi ya walimu iko wapi.

Chanzo chake si siri. Mkoloni alipomsomesha Mwafrika alimsomesha awe karani, tabibu msaidizi, katekista au mwalimu, na hapo ndipo dari lilipokuwa. Katika hao, mwalimu ndiye aliyekaa kijijini na watu. Ndiye aliyewasomea barua za watoto wao waliokwenda kukata mkonge, ndiye aliyewaandikia malalamiko ya kupeleka kwa Bwana Shauri. Siku watu walipotaka msemaji hawakuwa na haja ya kutafuta mbali.

Lakini angalia bei aliyolipa mtu wa wakati ule. TANU imezaliwa Julai 1954. Machi 1955 Nyerere yuko New York, anasimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Karudi, anaambiwa achague: Pugu au siasa. Akachagua, na alipochagua hakukuwa na gari likimngoja nje, wala posho ya kikao. Alirudi zake Musoma, na mojawapo ya vibarua vyake ikawa kumfundisha padri mmoja Kizanaki. Kuacha chaki mwaka 1955 kulikuwa ni kuukimbia mshahara. Kuacha chaki siku hizi ni kuufuata.

Nasema siku hizi, na wala sisemi kwa chuki. Tazama wenyewe ngazi yetu ilivyojengwa. Mwalimu akifundisha vizuri, tunampa zawadi gani? Tunamwondoa darasani. Anakuwa mkuu wa taaluma, vipindi vyake vinapungua nusu. Anakuwa mkuu wa shule, vinakwisha. Kazi yake sasa ni madawati, maji, na wageni. Anakuwa mratibu wa elimu wa kata, anapewa pikipiki. Anakuwa afisa wilayani, anapewa kiti cha kuzunguka. Kila hatua anapanda, na kila hatua watoto wanamwona kwa mbali zaidi, hadi anafika mahali anapowaona siku ya mahafali tu, akiwa amevishwa shada. Na yule asiyepanda, aliyebaki na chaki miaka ishirini na mitano, tunamwambiaje? Tunasema, "Masikini, yupo yupo tu."

Mwenye ujuzi wa kushona, tunamtoa cherehani tunampa funguo za stoo. Halafu tunashangaa nguo haziishi.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Ule mstari wa 2007–2010 naujua kuliko hata aliyeuchapa. Mwaka 2010 mimi nilikuwa kidato cha nne, na mgeni rasmi wetu alikuwa mwalimu wangu wa hisabati.

Na alikuwa mwalimu, wallahi! Sitamnyima haki yake. Siku ya kufundisha pembetatu ya Pythagoras hakugusa ubao. Alitutoa nje, akatupeleka nyuma ya bweni ambako fundi alikuwa anapima msingi wa choo. Akamwambia, "Fundi, waonyeshe hawa unavyopata kona." Fundi akatoa kamba yake, akapima tatu huku, nne kule, akavuta ya tano ikakaa kiwili-wili, akachomeka mambo. "Imekaa," akasema. Mwalimu akatugeukia: "Huyu mzee hajakanyaga sekondari, na anaijua. Nyie mnaiogopa ya nini?" Mpaka leo nikiona jengo linapandishwa natafuta kamba ile. Mie ni mwalimu wa Kiswahili, hisabati ilinitoka zamani, lakini tatu, nne, tano haijanitoka.

Basi mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Ilipofika Julai, wakati wa kura za maoni, mwalimu hakuonekana. Wiki ya kwanza tukaambiwa anaumwa. Wiki ya pili tukaona picha yake imebandikwa kwenye mwembe wa sokoni. Madaftari yetu ya mazoezi yalibaki juu ya meza yake hayajasahihishwa, na mtihani wa taifa ulikuwa mwaka huo huo. Shule ikaleta kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, anangojea kwenda chuo. Kijana wa watu alikuwa na moyo, lakini alikuwa akisoma desa usiku na kutusomea asubuhi, na swali likitoka nje ya desa jasho linamtoka.

Waliofaulu hisabati katika mkondo wetu nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kinabaki. Niliyekaa naye dawati moja alikuwa anautaka ufundi umeme kufa na kupona. Alikuwa anatengeneza redio za walimu tangu kidato cha pili. Hisabati ikamwangusha, chuo kikamkataa. Leo anaendesha bodaboda stendi, ana watoto watatu. Kinachoniuma ni kwamba hana neno baya hata moja juu ya mwalimu. Tena alimpigia kura, na aliipiga kwa furaha, eti "ni mwalimu wetu".

Msinielewe vibaya. Simlaumu mtu kwa kutafuta riziki. Alikuwa amepanga chumba kimoja na mkewe na mtoto, mshahara ukichelewa anakopa mchele dukani kama sisi wengine. Ningekuwa yeye, labda ningekwenda pia. Ninaloligombea ni lile kofi letu. Tumeugeuza ualimu kuwa kama vumbi la barabarani: mheshimiwa akishafika na kujipangusa, tunamsifu kwa umbali aliotoka.

Na uongo wetu unaonekana zaidi pale tunapopima watu. Mnakumbuka mwaka 2017, uhakiki wa vyeti. Watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na mwezi Aprili mwaka ule wakaambiwa kazi basi. Mimi sitetei cheti bandia. Daktari wa kughushi akinishika mshipa nitakimbia na dripu yangu mkononi. Lakini uhakiki ule haukuwagusa wenye vyeo vya siasa. Walimu na wauguzi vyeti vilitandazwa mezani, vikapekuliwa nambari kwa nambari. Wanaowaamuru walimu na wauguzi hao wakaachwa, kwa maelezo kwamba sheria haiwadai cheti. Na kweli haiwadai! Fungueni Katiba, ibara ya 67: mtu anayetaka ubunge, mbali na uraia na umri wa miaka 21, inatosha ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Yaani mtoto wangu wa darasa la tatu, ukiacha umri, amekwisha kufuzu.

Kuna watakaoniambia kwamba uongozi hauhitaji cheti, unahitaji busara. Nakubali, nakubali kabisa! Fundi wa kamba ile hakuwa na cheti. Ila kama ni hivyo, kwa nini wasifu wa mheshimiwa una karatasi mbili na nusu za kozi? Kama busara inatosha, tusomewe busara. Tuambiwe siku fulani alikosea akakiri, siku fulani alikataa bahasha. Tuchague pishi moja, tupimie wote.

Na hapa ndipo ninapomrudia Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu, aliyetutoka Februari 2024. Katika wasifu wake kuna jambo moja ambalo naona lingefaa kupewa ukurasa mzima. Alikuwa waziri wa mambo ya ndani. Raia wakafa mikononi mwa vyombo vya dola katika msako kule Shinyanga. Yeye hakuwapiga, hakuagiza wapigwe. Mwaka 1977 akajiuzulu, akasema dhamana ni yake. Miaka minane baadaye, 1985, akawa Rais. Mimi, kwa ukaidi wangu, naliona hilo kuwa ni tendo la kiualimu. Darasa likiharibika, mwalimu mkuu hasemi "walifanya wao".

Linganisheni na yaliyotupata mwaka 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitangazwa Februari, na zaidi ya nusu ya watoto walipata sifuri. Sifuri! Nchi ikatikisika. Tume ikaundwa na waziri mkuu, na ilipofika Mei matokeo yakapangwa upya kwa kipimo kingine, watoto kadhaa wakapandishwa kutoka shimoni. Waziri wa elimu akaendelea na kazi. Tukalaumu Facebook, tukalaumu bongo fleva, tukalaumu mitaala, tukawalaumu watoto wenyewe. Kila mtu alilaumiwa isipokuwa mwenye dhamana.

Lakini nisije nikaonekana kama nasema mwalimu akitawala mambo yananyooka. Thubutu! Kuna tabia za darasani ambazo zikipelekwa Ikulu zinakuwa balaa. Mwalimu amezoea kuwa yeye peke yake ndiye aliyesimama. Amezoea kwamba swali lisilompendeza ni utovu wa nidhamu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa; Mwalimu akawarudisha makwao zaidi ya 300. Ni kweli siku ile ile alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na hilo nalivulia kofia, maana sijaona mwingine akilifanya mbele ya vijana waliomkasirisha. Ila kuwatimua alikuwa amewatimua. Moi naye aliifanya nchi nzima isimame paredi ya asubuhi. Na Juni 2017 Magufuli alisimama jukwaani akatangaza kwamba msichana akipata mimba shuleni hatarudi tena shule, akamaliza. Kama mkuu wa shule anasoma sheria za bweni! Ikabidi tungoje mpaka Novemba 2021, yeye akiwa ameshafariki Machi mwaka ule, ndipo wizara ikafungua mlango. Miaka minne na ushei. Nimefundisha wasichana katika miaka hiyo. Najua majina, na siyataji.

Kwa hiyo neno "Mwalimu" mbele ya jina la mtawala halinitoshi tena. Nataka kujua ni mwalimu wa namna gani: wa kamba, au wa fimbo?

Sisi tunaoandika nasi tusijitoe. Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha mwaka 1926 na akala mshahara wa karani miaka na miaka. Ukimtungia wasifu wa mgeni rasmi haujazi hata nusu karatasi: karani, karani, karani. Hakuna aliyemkaribisha jukwaani kwa vyeo. Lakini nendeni darasani kwangu muulize nani anamjua karani yule, halafu muulize nani alikuwa mkuu wake wa kazi. Na bado, vijana wenzangu, nawaona kwenye kurasa hizi hizi: mtu ana mashairi matatu yaliyochapishwa, chini ya jina anaandika "mshairi, mwandishi, mshauri, mkurugenzi". Mkurugenzi wa nini, jamani? Ugonjwa ni ule ule.

Nimalizie kisa cha mahafali. Baada ya hotuba (aliahidi kompyuta kumi, tunazingoja) tuliingia kwenye turubai la pilau. Nikamsogelea, nikamshika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba! Wewe ndiye uliyenisomea? Hongera sana, kijana. Una sauti."

"Nilikuwa wako, mwalimu. Kidato cha nne B, 2010."

Akacheka, akanipiga begani. "Nyie! Mlinisumbua nyie!" Kisha akaniangalia vizuri, kama anayetafuta kitu usoni mwangu, akauliza: "Na wewe bado unafundisha tu?"

Tu. Alilisema kwa upendo, naapa. Alikuwa ananionea huruma kweli kweli. Akanipa namba ya simu, akasema kuna nafasi za uratibu zinakuja, nisilale. Mimi nikasema asante, maana ndivyo tulivyolelewa. Nilitaka kumuuliza yale madaftari yetu aliyapeleka wapi, lakini mlinzi wake alikuwa ameshamletea maji ya kunawa, na nyuma yangu pana foleni ya watu wenye bahasha.

Namba yake bado ninayo. Sitawadanganya kwamba sijawahi kuitazama. Mwisho wa mwezi huitazama sana. Mke wangu ananiambia nipige, na hoja zake ni nzito kuliko zangu: ana mtoto mgonjwa na mwenye nyumba mlangoni. Nikisimama darasani na wale themanini na wawili wa kidato cha pili, nasema sipigi. Nikirudi nyumbani, nasema nitapiga Jumatatu.

Juzi mkuu wa shule amenikumbusha kwamba mahafali yanakaribia, na wasifu nitasoma mimi tena. Nimemjibu kwamba nitasoma, kwa sharti moja: mgeni rasmi ajaye akiwa aliwahi kuwa mwalimu, niletewe na jina la aliyempokea darasa. Mkuu amesema hilo haliwezekani, litamuudhi mgeni. Basi nimemwambia amtafute yule wa Jiografia.